Mama Feza Hakuwa Gari

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha matope hapa Mulongwe, kisha jua likatoka kali na ziwa likawa jeupe kama bati jipya. Mchana nimerudi kutoka Sange. Nimeosha miguu, nimekaa kuandika hasira ikiwa bado ya moto, ingawa sijui kama ni hasira ya haki. Labda kesho nitaona nimemwonea mtu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoshika usukani siku hizi. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo nikirukaruka mnivumilie. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuendesha kamyo, lori la mizigo, kati ya Uvira na Bukavu, mpaka mguu wa kulia ukakataa kukanyaga breki na patroni, mwenye gari, akaniambia kwa heshima, sina la kulalamika, nikapumzike nyumbani. Mnaponipitia hapa barazani huwa mnaniuliza juu ya zile bwate, visanduku vya kwenye gari, kama kweli kamyo zilikuwa zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Kweli, ziliongea. Lakini siwezi kuwaeleza bwate bila kuwaeleza kona, na siwezi kuwaeleza kona bila Mama Feza.

Kona mnaijua. Ukishaacha Kamanyola, tambarare inakwisha na barabara inaanza kupanda, na kuna pale ambapo jiwe limetokeza kama tumbo la mwenye mimba. Upande mmoja mlima, upande mwingine shimo. Kamyo inayopanda haimwoni anayeshuka, na nafasi ni ya gari moja. Hapo, juu ya jiwe, alisimama Mama Feza. Alianza mume wake. Alipokufa yeye akachukua nafasi. Akiinua tawi bichi, pita. Akiinua kitambaa chekundu, simama, weka kigingi kwenye tairi, ngoja.

Hakuna aliyemwajiri. Sisi mashofere ndio tulimlisha. Anayetoka chini alimwachia mchele wa Sange au ndagala, wale dagaa wa ziwa, anayetoka juu alimwachia maharagwe au viazi. Tuliiita sehemu ya kona, fungu lake yeye. Hukupima, hukuhesabu, ulichota kwa mkono ukamwachia kwenye beseni pale chini ya jiwe. Na usipoacha kitu, hakukunyima tawi. Alikutukana tu. Siku moja mimi nilipita mikono mitupu, nikasikia nyuma yangu:

"Weye Papa Bahati! Tumbo imekuwa mukubwa mpaka mukono haifike dirisha?"

Na mashofere wa nyuma wakacheka mpaka Nyangezi.

Alijua kusikiliza gari kuliko sisi wenyewe. "Fren yako inalia kama mbuzi ya kuchinja, enda garage mbele ya kushuka." Ulienda kutengeneza breki. Sisemi kwamba hakukosea. Aliwahi kuinua tawi wakati pikipiki mbili zinashuka, na mwendeshaji mmoja alivunjika mkono. Mama Feza alilia wiki nzima. Naliandika hili kwa sababu sasa watu wanamsimulia kama malaika, na malaika hakuwa.

Basi bwate zikaja. Ulikuwa mradi, wenye pesa walikuwa mbali, na patroni wetu akakubali kamyo zake zijaribiwe. Aliyezifunga alikuwa enjenyeri kijana kutoka Bukavu, Solange, msichana mwembamba aliyelala chini ya gari bila kuogopa grisi. Bwate yenyewe ilikuwa nyeusi, ukubwa wa tofali, ikifungwa mbele chini ya taa. Ndani ya kabini kulikuwa na kitaa kidogo na sauti.

Nilimwuliza inafanya nini. Alijifuta mikono akaniuliza na yeye:

"Papa, ulishafika kule mulimani Bijombo wakati ya ukungu?"

"Nilishafika."

"Muchungaji akipotea mu ukungu anafanya nini?"

"Anapiga kelele."

"Bon. Sauti yake inagonga mwamba, inamurudilia, anajua mwamba iko karibu ao mbali. Na mwenzake mwenye iko kule mbele, sauti ile ile inamufikia, anasikia maneno. Kelele moja, kazi mbili. Bwate ni vile. Inatupa wimbi. Wimbi likigonga kitu na kurudi, hiyo ni rada, unajua kuna kitu mbele na kinakuja mbio gani. Na ndani ya wimbi lile lile kuna maneno kwa bwate ya kamyo ingine."

"Na kama simu haishiki?"

"Haiko simu. Ni gari na gari."

Nilimwelewa siku ile ile, na mimi si mwepesi wa kuelewa. Alinieleza pia ubaya wake, na ninyi mshike hili maana ni la shofere yeyote. Siku za soko pale Sange, kamyo zetu zikisimama pamoja, bwate zote zilikuwa zinaongea, na kadiri zilivyoongea ndivyo zilivyoona vibaya. Wimbi ni moja, alisema. Likijaa maneno, nafasi ya kutazama inapungua. Nikamwambia hiyo si bwate, hiyo ni Kitoko akiwa na simu sikioni.

Kitoko alikuwa mwenzangu, kamyo yake ilitangulia yangu karibu kila safari. Mtu wa maneno mengi, mwendo mzuri. Wenzake wengine waliichukia bwate tangu mwanzo. "Ile ni mudomo ya patroni," walisema. "Inaenda kumwambia tunapakiza batu juu ya mizigo." Kitoko hakuichukia, aliiosha kila asubuhi na kitambaa. Lakini safari ya kwanza bwate yake ilipiga kelele tangu Luvungi. Kitu mbele, karibu sana, kitu mbele. Na ikawa inaiambia yangu, yangu inapiga kelele, mimi nafunga breki, yeye anafunga breki. Barabara imenyooka, hakuna hata kuku. Mwishoni akasimama, akashuka, akatazama chini ya gari, akavua kofia.

"Papa Bahati, minye ninaogopa. Kuna muntu anakimbia mbele yangu na haonekane."

Akina mama waliokuwa juu ya magunia walisikia hivyo wakaanza kukemea mapepo kwa nguvu, mmoja akashuka kabisa akakataa kupanda tena. Tulifika Kamanyola kwa mwendo wa msiba. Solange, aliyekuwa anatungoja pale, akatazama mara moja tu, akakaa kwenye tairi akacheka mpaka machozi. Bidoni za maji! Mnajua hatupandi mlima bila maji ya radiyatere, na bidoni tunafunga mbele, kwenye parshoki, lile bamba la chini ya taa. Kitoko alikuwa amefunga zake mbili kubwa za njano mbele ya uso wa bwate. Maji yalikuwa yanarudisha wimbi. Pepo lake lilikuwa maji ya Ruzizi.

Solange alipomaliza kucheka alisema, "Kosa ni yangu. Sikuuliza maji munafunga wapi." Wakubwa wangapi mmesikia wakisema hivyo?

Kwa haki, lazima niwaambie siku bwate iliponiokoa. Ilikuwa mvua ya mlima, ile inayoanguka kama mtu anamwaga ndoo, na ukungu umeshuka mpaka kwenye kioo. Napanda kuelekea jiwe. Mama Feza simwoni, na hata kama aliinua kitambaa ningeona nini? Bwate ikaniambia kamyo ya Kitoko imesimama baada ya kona. Nikasimama chini, nikaweka kigingi, nikapanda kwa miguu nimeshika mlima kwa mkono. Nikamkuta amevunja aksi ya magurudumu katikati ya njia, na Mama Feza amelowa chapachapa anapiga sahani ya bati kwa kijiko ili tumsikie. Sikuwa nimesikia hata kidogo. Bila bwate ningeingia nyuma ya Kitoko, na wote wawili tungekuwa shimoni. Huo ni ukweli.

Na ukweli mwingine ni wa jua kali, wiki chache baadaye. Bwate kimya, kitaa kijani, njia safi. Juu ya jiwe, kitambaa chekundu. Nilikuwa nashuka kutoka Bukavu na haraka, nikampigia honi. Akakitikisa kile kitambaa kama anafukuza nyuki. Nikasimama nikinung'unika. Kisha wakatokea ng'ombe, kundi zima la kupelekwa soko la Bukavu, wamejaza barabara toka mlima mpaka shimo, na mchungaji nyuma yao akipiga mluzi. Aliponipita alitazama ile bwate akauliza inauzwa wapi. Mama Feza akamjibu kutoka juu:

"Hiyo haijue ng'ombe! Inajua tu ndugu zake!"

Nilimsimulia Solange. Hakubisha. Alisema ni hivyo kabisa: rada inatazama mbele moja kwa moja, haipindi jiwe. Ng'ambo ya jiwe bwate inajua tu kile ambacho bwate nyingine inaiambia. Ng'ombe hana bwate, pikipiki haina, mwanamke mwenye mzigo wa kuni hana. Basi akaandikia wakubwa wa mradi kuwaomba bwate moja ifungwe juu ya jiwe, penye Mama Feza. Ile ingetazama pande zote mbili na kutuambia, na pale ambapo ukungu umemfunga mama macho, bwate itaona. Na pale ambapo bwate haielewi, mama atabonyeza kitufe yeye mwenyewe. Aliniuliza unaonaje. Nikamwambia kama ukifaulu, kona ile itakuwa salama kuliko sebule yangu.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Alinisomea mwenyewe, akinitafsiria. Mradi ni wa magari. Bwate ni za magari peke yake. Mama Feza hakuwa gari.

Alizima simu yake akaiweka mfukoni, akaenda kufunga bwate kwenye kamyo nyingine. Sikumlaumu. Ningefanya nini zaidi kama ningekuwa yeye?

Sasa tufike kwenye lile linalonichoma. Mtasema wakubwa wa mbali ndio waliomfukuza Mama Feza. Hapana. Hawakumfukuza, hata hawakumjua. Ilikuwa sisi. Jioni moja pale Sange, kwenye parkingi, tunakula mishkaki, mmoja akaanzisha:

"Sehemu ya kona ni ya mwenye kuonyesha njia. Sasa njia inaonyeshwa na bwate. Niipe bwate ndagala?"

"Uipake mafuta ya mawese," Kitoko akajibu, "itakula."

Tukacheka. Mimi pia nilicheka, kilikuwa kichekesho kizuri. Lakini kesho yake watu wakapita bila kuacha kitu, na kesho kutwa, na baadaye ikawa ndiyo desturi mpya. Kisha patroni akasema mwendo uwe mmoja, tusisimame ovyo mlimani, na hilo likawapa sababu. Mimi niliendelea kumwachia. Lakini msinisifu. Mguu ulinitoa kazini muda si mrefu, na sijui kama ningekaa mwaka mzima bila kuwaiga wenzangu. Nafikiri ningewaiga.

Alisimama bado msimu mmoja, nilisikia, akiinulia tawi watu wanaompungia mkono kama mtoto. Baadaye jiwe likabaki tupu.

Kisha mradi ukafunga. Pesa zilikwisha, au waliona walichotaka kuona, hatukuambiwa. Solange alirudi kwao. Bwate ziliachwa kwenye kamyo, zikaharibika moja moja, na bwate ikibaki peke yake haina wa kuongea naye. Ya Kitoko ilitolewa ikawekwa taa ya ziada mahali pake. Kwa hiyo leo pale konani hakuna bwate na hakuna mama. Kabla hatujapewa kitu tulikuwa na macho ya mtu. Tumepewa, tumenyang'anywa, tumebaki na honi.

Na anayepita pale sasa ni mwanangu Bahati. Kamyo ile ile niliyoacha mimi, wamempa yeye. Juma lililopita alirudi nyumbani, kioo cha upande hakipo, na ubavu wa kabini umekwaruzwa toka taa mpaka mlango. Alikutana na kamyo ya saruji inashuka. Alijibana kwenye jiwe. Angekuwa upande ule mwingine, hakuna cha kujibania. Alituambia akicheka, lakini mama yake alikuwa anautazama ule ubavu wa kamyo, hakusikia maneno.

Ndiyo maana leo nilikwenda Sange kumtafuta Mama Feza. Nilipanda taksi ya asubuhi, nimebeba ndagala kavu za hapa kwetu, zile nyeupe nzuri, ndoo ndogo imejaa. Nikauliza sokoni, wakanielekeza mashamba ya mpunga. Nilimkuta amesimama kwenye maji mpaka magoti, analima pamoja na wanawake wengine. Amenenepa kidogo. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Papa Bahati! Bado uko muzima? Na ile tumbo iko wapi?"

"Imebaki mu kamyo, Mama."

Alicheka, akatoka majini, tukakaa kwenye tuta. Aliniuliza habari za nyumbani, mguu, wenzangu. Nikamweleza juu ya Bahati. Aliacha kucheka, akataka nieleze mara mbili kamyo ya saruji ilikuwa wapi na yeye alikuwa wapi. Kisha nikamwomba. Nilisema arudi konani. Nilisema nitaongea na mashofere mmoja mmoja, sehemu ya kona itarudi, mimi mwenyewe nitasimamia.

Alisugua matope kwenye kifundo cha mguu.

"Utabaambia nini?"

"Kwamba kona haiko salama."

"Habajui?"

Niliisogeza ndoo kando.

"Papa Bahati, minye nilisimama pale na njaa. Si siku moja. Ninainua tawi, bananionyesha kidole gumba, *merci, mama, tuko na bwate*. Sikukasirikia bwate. Ile enjenyeri alikuja kunisalimia, akanieleza, nikaelewa ni kitu muzuri. Lakini bwate ilikulaka ndagala?"

"Hapana."

"Basi ndagala yangu ilienda wapi?"

Wanawake wengine walikuwa wameacha kulima wanasikiliza. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Umujibu basi."

"Na jambo lingine," Mama Feza akasema, sasa bila ukali, na hilo ndilo lilinikata zaidi. "Muda yote kona iko bule, haina muntu, batoto ya batu banapita. Haukukuja. Umekuja sababu sasa ni Bahati. Sikulaumu. Na minye ningekuja hivyo hivyo. Lakini hapa mu mpunga, nikilima, ninakula. Nikirudi kule, siku bataleta bwate ingine, nitarudia hapa tena nimezeeka zaidi. Hapana, baba. Sirudi."

Nilitaka kumwambia kwamba niliendelea kumwachia sehemu mpaka siku ya mwisho. Ni kweli, lakini ingekuwa kama kudai.

Alinipa kitu kimoja cha kumpelekea Bahati, na ninyi wote mkichukue. Kabla ya saa sita, alisema, jua liko upande wa shimo, na gari inayoshuka inatupa kivuli chake kwenye ukuta wa mlima kabla yenyewe haijatokea. Ukifika penye maji yanayotiririka, chini kidogo ya jiwe, tazama ukuta, usitazame barabara. Ukuta ukiingia giza, simama. Mashofere hawajui kwa sababu hawajawahi kusimama pale kutwa.

"Na baada ya saa sita?"

"Kivuli kinaangukia mu shimo. Hapo zima redio, fungua vioo vyote, piga honi, usikilize. Na uombe."

Bahati hupanda alasiri. Mizigo ya bandari ya Kalundu haiwi tayari mapema. Mama Feza anajua hivyo. Aliuliza tu kama kamyo yetu bado inapakiwa saa zile zile, nikasema ndiyo, akatikisa kichwa.

Nilisimama kuaga nikamwachia ndoo. Alifungua kifuniko, akanusa, akasifu. Kisha akatandika kitenge chake kwenye tuta, akamwaga ndagala zote juu yake, akazigawa kwa mikono miwili, taratibu, akihamisha kiganja huku na kiganja kule mpaka mafungu yakalingana. Fungu moja akalifunga kwenye kitenge. La pili akalirudisha kwenye ndoo, akafunika, akanipa.

"Ile ya kunisalimia nimepokea, aksanti sana, usalimie mama Bahati," alisema. "Hii ni ya kona. Urudi nayo."

Nilirudi nayo. Ndani ya taksi niliishika magotini, na kila mtu aliyepanda aliuliza ndagala ni za bei gani.

Niliweka kalamu chini, maana Bahati amefika nyumbani jua likizama, na kioo kipya amefunga kwa waya. Nimemweleza habari ya kivuli, akasema ni akili nzuri, akauliza na alasiri je. Mama yake alimwambia anawe mikono. Tumekula bugali na zile ndagala za kona, mama yake amezikaanga na nyanya na pilipili. Bahati alikula sana, akamaliza na zile zilizoshika kwenye sufuria.